Jiwe la Mjomba Kondo kutoka Sakafu ya Bahari

Tangu nirudi, sijafungua redio ya mtu yeyote bila mwenyewe kukaa kwenye benchi na kuniuliza habari za baharini. Asubuhi najibu vizuri, mchana nimechoka, na ikifika jioni najikuta naongeza chumvi. Sipendi kuongeza chumvi. Kwa hiyo nimeyaandika mambo mara moja kama yalivyokwenda, na karatasi hizi zitakaa kwenye droo ya kibanda changu hapa Mji Mpya. Anayetaka azisome, mradi azirudishe zikiwa kavu.

Fomu na barua naziruka. Itoshe kusema kwamba meli ya utafiti ilihitaji mtu mmoja kutoka upande wetu wa bahari, wa kukaa zamu na kuandika kumbukumbu. Mtu fulani akakumbuka kwamba Morogoro yuko fundi redio ambaye hakumaliza shule, lakini ameandika mvua ya kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini, na vitabu vyake vya miamba vimeachia gundi kwa kusomwa.

Matombo: kuaga

Safari ya baharini niliianza kwa kupanda mlima. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Mjomba Kondo ndiye aliyenilea. Nina miaka hamsini na miwili, na bado nisingeweza kuvuka maji bila yeye kusema nenda.

Nilimkuta barazani anabandua maganda ya mdalasini kwa kisu kidogo. Anafanya kwa kupapasa, maana mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Nilikuwa na furaha nyingi, nikaanza kusimulia kabla sijakaa.

"Nani anaongea hapo?" akauliza.

"Ni mimi, mjomba."

"Mimi nani? Hakuna aliyeniamkia. Kwa hiyo hapa hakuna mtu."

Nikarudi mpaka kwenye ngazi, nikaja upya. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Sasa nimekuona. Kaa."

Nikamweleza kwamba katikati ya bahari kuna ufa mrefu kuliko mto wowote. Mwamba wa moto unapanda ndani ya ufa huo, unaganda, unasukumwa pande mbili, na mwingine unapanda. Kila mwaka ardhi mpya inaongezeka, upana wa vidole viwili au vitatu.

"Ardhi haizaliwi," akasema. "Ingekuwa inazaliwa, babu zako wasingegombania mpaka pale kwenye mgomba hadi wakaacha kuzikana."

"Inazaliwa, mjomba. Nitakuletea picha."

"Picha nitaitazama kwa nini? Kwa goti?" Akanyoosha kiganja. "Niletee kitu nishike. Jiwe la hiyo ardhi yako changa. Na ulilete kabla sijafa, si unakaa huko mpaka unakuja kunionyesha kaburini. Ukirudi mikono mitupu, nitajua ulikuwa Dar unakula chipsi."

Mkewe, ambaye namwita mama, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akanifungia mdalasini kwenye gazeti, kipande kinene kama mkono wangu, akasema nchi za watu chai yao haina ladha.

Nikaahidi jiwe. Sikuwa nimejiuliza kama mawe ya chini ya bahari yana mwenyewe.

Kiroka: Fuso la ndizi

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Kati ya Mkuyuni na Kiroka, Fuso lililojaa ndizi lilikuwa limelala ubavu kwenye tope, na nyuma yake tulipanga foleni watu wote wa siku hiyo. Tulikaa saa tano. Wanawake waliolikodi Fuso lile walishusha mkungu mmoja mmoja, sisi wengine tukawasaidia, na aliyesaidia alilipwa ndizi. Nilikula kumi na moja.

Mama mmoja aliyevaa gambuti za mumewe alilitazama begi langu. "Kaka, na begi jipya hivyo, unakwenda wapi?"

"Kupima sakafu ya bahari."

"Huku juu mmemaliza?"

Sikuelewa.

"Nauliza, huku juu mmemaliza kupima? Maana shamba letu tunangoja mpimaji tangu mtoto wangu wa kwanza ananyonya, na sasa ana mtoto wake. Wewe unakwenda kupima maji!"

Watu walicheka vizuri. Nilijaribu kumweleza tofauti ya upimaji mmoja na mwingine, nikaona kila neno linanizamisha zaidi kuliko lile Fuso. Nikaacha. Nikarudi kubeba mikungu.

Dar mpaka kisiwani

Treni ya umeme kutoka Morogoro haina cha kusimulia, ndiyo sifa yake. Nilipokuwa bado natafuta pa kuweka begi, tulikuwa tumeipita Kingolwira. Ndege nayo ilikuwa hivyohivyo, ila masikio yaliziba.

Mambo yalianzia kisiwani ambako meli ilitia nanga, huko mashariki ya Madagaska. Ofisa wa mazao alifungua gazeti la mama, akautoa mdalasini, akaugeuza. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza changu. Nikamwonyesha kwa mikono: mti, kisu, ganda, kikombe. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaunusa, akamwita wa tatu. Niliona nimekwisha. Kumbe wa tatu ni mzee aliyeijua mimea. Akaukwaruza kwa ukucha, akaonja, akafumba macho, akaniuliza kwa ishara kama nauuza. Nikatikisa kichwa. Akaurudisha taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto kwa mamaye.

Meli ilikuwa inangoja kifaa cha winchi, ile mashine ya kushusha na kupandisha waya. Tulingoja siku tatu. Nilikula mikate laini yenye dengu iliyosagwa ndani, inayouzwa barabarani ikiwa imekunjwa miwili miwili. Muuzaji alidhani ninaponyoosha vidole viwili nataka jozi mbili, kwa hiyo siku ya kwanza nilikula minne, na siku ya pili nikanyoosha kidole kimoja.

Melini: jiko na moshi wake

Ndani ya meli tulikuwa wawili tu wenye Kiswahili. Mwingine alikuwa Makame, Mpemba, mpishi msaidizi. Aliponiona naingia jikoni kuomba maji ya moto, akauliza nimetoka wapi.

"Morogoro."

"Mluguru! Mtu wa mlimani. Kuogelea waweza?"

"Siwezi."

"Sasa ikizama hii, utapanda wapi?"

Nikampa nusu ya mdalasini. Kuanzia siku ile chai yangu haikuchelewa.

Mkuu wa utafiti alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye nywele nyeupe, tuliyemwita Dokta Helle. Alinionyesha kazi kwa utaratibu niliopenda: jambo moja, kisha kimya, kisha jambo la pili.

Jambo la kwanza ni sauti. Sakafu ya bahari haionekani, jua halifiki. Meli inapiga mlio kwenda chini, mwangwi unarudi, na kutokana na muda uliopita unapata kina. Jambo la pili ni kipima sumaku, kinachovutwa nyuma ya meli. Mwamba unapoganda hushika mwelekeo wa kaskazini ya siku ile, na kwa kuwa sumaku ya dunia imepinduka mara nyingi, mwamba umebaki na mistari. Upande huu wa ufa na upande ule mistari inalingana, kama pindo mbili za khanga moja. Nilikuwa nimeyasoma hayo miaka kumi na tano. Nilipoyaona yanajichora kwenye skrini, pindo la kushoto na pindo la kulia, ilibidi nivue miwani niifute.

Jambo la tatu ndilo lenye kisa. Maji ya bahari huingia kwenye nyufa, huchemshwa na mwamba wa chini, kisha hutoka kwa nguvu yakiwa meusi kwa madini, yakajenga mabomba ya mawe kama dohani. Ule weusi hupanda na kusambaa kama wingu. Tulikuwa na chombo kwenye waya mrefu, tukikivuta karibu na sakafu ili kipime joto la maji na ukungu wake. Kwa lugha ya nyumbani, tulitafuta moshi ili tuone jiko.

Nilimwuliza Dokta Helle kama ningeweza kupata jiwe moja la mjomba. Akaniambia kila jiwe linapewa namba na ni mali ya kazi. Kisha akatazama pembeni. "Yakija mengi, tutaona."

Siku ya tisa: chapati

Zamu yangu ilianza usiku wa manane na kuisha adhuhuri, saa kumi na mbili mfululizo katika chumba kisicho na dirisha. Melini saa zote zilihesabiwa kwa namna moja, kuanzia sufuri usiku wa manane mpaka ishirini na nne. Kila nusu saa nilijaza fomu iliyochapwa saa tayari. Likitokea jambo la ghafla, nililiandika kwenye karatasi nyingine, tupu, nikitaja saa mwenyewe. Meli ilikwenda polepole kama mtu anayetembea na mtoto, na mahali palipotokea jambo palijulikana kwa saa yake: ukijua saa, unajua meli ilikuwa wapi.

Siku ya tisa Makame aliingia na sahani. "Fundi, saa ngapi saa hizi? Saa yangu imekufa."

"Saa tatu na dakika arobaini," nikamjibu, nikichukua chapati.

"Bado dakika ishirini nigonge kengele ya chai. Kula, mtu wa mlimani."

Na hapo mstari wa ukungu, uliokuwa umelala zamu nzima, ukainuka. Ukapanda mara tatu ya kawaida yake, ukakaa kama dakika nne, ukashuka. Mstari wa joto nao ulijitikisa kidogo. Nikaandika saa, kina, na kiasi cha kupanda. Nikafuta vidole, nikaendelea na zamu.

Siku mbili baadaye tulifika mwisho wa mstari wa upimaji. Ndipo ikagundulika kwamba kompyuta ya chombo kile, siku ile ya tisa nzima, ilikuwa inaonyesha bila kuhifadhi. Dokta Helle alikuja na karatasi yangu. "Hiki ndicho kitu pekee tulichonacho," akasema. Tulibakiwa na siku mbili kabla ya kugeuza meli kurudi bandarini.

Tukarudi mahali palipotajwa na karatasi. Tukashusha chombo, tukakivuta kwenda na kurudi. Maji yalikuwa safi kama ya kisima kipya. Tulihangaika hivyo kwa muda wa saa kumi na nne. Hakuna aliyenilaumu, kijana mmoja mtaalamu alisema kwa upole kwamba huenda samaki alipita mbele ya kioo cha chombo. Upole ule uliniuma. Miaka yote ya kuandika mvua nimejifunza kuamini maandishi yangu kuliko kumbukumbu yangu, na sasa maandishi yalikuwa yanasema uongo, na jiwe la mjomba lilikuwa limefungwa ndani ya uongo huo.

Makame alinikuta nimekaa na ile karatasi mbele yangu. Akaweka kikombe.

"Doa gani hilo la mafuta?"

"La chapati yako."

"Basi ilikuwa asubuhi."

"Hapana. Imeandikwa sufuri tatu arobaini. Ni usiku, saa tisa na dakika arobaini."

Makame akanitazama kama ninavyotazama mtu aliyeleta redio bila betri akidai imeharibika. "Saa tisa usiku mie nakupikia chapati? Mie mama yako? Saa tisa usiku mie n'nakoroma!"

Hapo nikaliona kosa langu. Aliniuliza saa kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiswahili, saa tatu na dakika arobaini, na mkono ukaandika kile mdomo ulichokuwa umetoka kukisema. Kwa hesabu ya meli ilikuwa sufuri tisa arobaini, asubuhi. Saa sita za tofauti. Kwa mwendo wetu ni kama kilomita kumi na saba. Mtu ameangusha ufunguo Kingolwira, na mimi nimewasimamisha watu wazima saa kumi na nne wakiutafuta Msamvu.

Kuungama

Kutoka pale mpaka chumba cha Dokta Helle ni ngazi mbili. Nilizipanda taratibu, maana nilijua nikishaingia, yule fundi makini aliyesifiwa kwenye barua hatakuwepo tena. Lakini saa zilizobaki hazikuwa zangu nizifiche.

Nilimweleza yote, pamoja na chapati.

"Kwa hiyo nchi yenu yote iko saa sita nyuma?"

"Hapana, Dokta. Sisi jua likichomoza tunaanza kuhesabu. Ninyi mnaanza kuhesabu watu wamelala."

Hakucheka. Alichukua penseli, akapima kwenye ramani, akatia alama. "Una uhakika?"

"Nina doa la mafuta."

Alilitazama doa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akainua simu ya ndani, akamwambia nahodha ageuze.

Kilomita zile kumi na saba sikukaa. Tulipofika, tulishusha chombo, na kabla hakijafika chini, mstari wa ukungu ukapanda, na wa joto ukaufuata. Chumba kizima kilipiga kelele. Mimi nikaandika saa, safari hii kwa hesabu ya meli.

Kwa sababu ya saa nilizopoteza, muda ulibaki wa kushusha taya la chuma mara moja tu, likiwa na kamera. Tuliliona jiko: bomba la mawe refu kuliko nyumba, linatoa moshi mweusi, na pembeni yake mwamba mweusi unaong'aa, umejikunja kama mito ya kulalia iliyorundikwa. Taya likafumba. Yalikuja mawe manne.

Manne si mengi. Niliyasaidia kuyaosha na kuyapa namba, na sikumkumbusha mtu habari ya mjomba. Niliona sina haki hiyo.

Siku ya kuingia bandarini nilikuta mambo mawili. Ukutani kwenye chumba cha zamu palikuwa pameongezwa saa ya pili, iliyorudishwa saa sita nyuma. Chini yake pameandikwa kwa mkono: *Saa ya Makame*. Na kwenye kiti changu palikuwa na mfuko mdogo wa plastiki. Jiwe la tatu lilikuwa limekatwa kwa msumeno ili lichunguzwe, na mfukoni kulikuwa na kipande kilichobaki, ukubwa wa andazi. Lebo yake ilikuwa na namba, kina, na saa ya moshi wa kwanza kuonekana, kwa hesabu ya meli. Chini yake, kwa herufi za mtu anayenakili lugha asiyoijua, Dokta Helle alikuwa ameandika: *saa tatu na dakika arobaini asubuhi*. Makame alikana kwamba alimfundisha, lakini alikana akitabasamu.

Matombo: kurudi

Sikulala Morogoro zaidi ya usiku mmoja. Barabara ya Kiroka ilikuwa imekauka, na mahali pa Fuso palibaki shimo lenye bata.

Nilisimama kwenye ngazi ya baraza kwanza. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umejifunza. Chipsi za Dar zilikuwaje?"

Nikamwekea jiwe kiganjani.

Alilipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa ganda la mdalasini kujua kama limekomaa. Upande mmoja ni mkwaruzo. Upande mwingine, uliogusa maji baridi ukiwa bado moto, umeganda ukawa kioo. "Hapa kama chupa," akasema. Akalinusa. "Linanuka yai viza. Mkeo ameliona?"

"Amesema likae nje."

Nikamsimulia yote niliyoandika hapa. Penye chapati alinisimamisha, nikarudia. Kwenye doa la mafuta alijipiga kofi gotini akicheka. "Huyo Mpemba ni mtu," akasema. Kisha akaendelea kuligeuza jiwe.

"Lina umri gani?"

"Dokta hakutaka kusema kwa uhakika, mjomba. Alisema kioo chake bado kipya, na tope halijakaa juu yake. Huenda halijafikisha miaka hamsini."

"Yaani mimi nimeanza kulima hapa, hili bado halijazaliwa."

"Inawezekana kabisa."

"Mimi mkubwa wake."

"Ndiyo, mjomba."

Akalisogeza karibu na sikio, akangoja. Mama aliacha kupepeta.

"Sasa mbona haliniamkii?"

Nilimtazama mama, naye akanitazama mimi. Kisha nikainama, mtu wa miaka hamsini na miwili, mdomo wangu karibu na kiganja chake.

"Shikamoo, babu," nikasema kwa niaba ya jiwe.

"Marahaba," akajibu, uso ameuelekeza kwenye kiganja, si kwangu. Akalifumbata. "Marahaba, mjukuu wangu. Karibu huku juu."